Lisbon au Venice: ukiwa na safari moja tu ya Ulaya, uende wapi?

Tangu nirudi na Mama kutoka Ulaya, ndugu, majirani na wenzangu wa kazini wamekuwa wakiniuliza swali lilelile: kama ingebidi nichague mji mmoja tu kati ya Lisbon ya Ureno na Venice ya Italia, ningechagua upi? Wengi wao wana nauli ya safari moja na likizo ya wiki moja. Nasi tulikuwa hivyohivyo, mpaka akiba ya miaka sita ikakutana na tiketi ya bei nafuu kupitia Istanbul. Tukakaa Lisbon siku tano na Venice siku tatu, mwezi wa Aprili.

Jibu langu ni Lisbon. Kwa uzuri wa macho peke yake Venice inashinda, wala sitaki kuupunguza uzuri huo. Lakini mimi ni mtoto wa pwani, mama yangu ni mzaliwa wa Kilwa, na Lisbon tulikuta kitu ambacho sikutegemea kukiona nje ya Kilwa. Nitakifikia. Wapo pia wasafiri ambao ningewaambia waende Venice kwanza na Lisbon waiache kwa safari nyingine. Nao nitawataja.

Biashara moja, miji miwili

Naiweka miji hii pamoja kwa sababu historia iliiweka pamoja, na pwani yetu ikawa katikati. Kwa karne nyingi pilipili manga na mdalasini wa Asia vilipandishwa Bahari ya Shamu hadi Misri, na pale Alexandria meli za Venice zikavinunua na kwenda kuviuza Ulaya. Majumba mengi yaliyopanga mstari kandokando ya Canal Grande, mfereji mkuu wa Venice, ni matunda ya biashara hiyo. Kisha mwaka 1498 Vasco da Gama, aliyetoka Lisbon, akaizunguka Afrika, akapita Msumbiji na Mombasa, na Malindi akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, huko India. Habari zilipofika Venice wafanyabiashara walishikwa na hofu. Mji wao haukuanguka siku ile, kwani biashara ya Alexandria ilichangamka tena baadaye, na jamhuri yao ilidumu hadi Napoleon alipoimaliza mwaka 1797. Ila kuanzia hapo Lisbon ilikuwa na njia yake yenyewe ya kufikia viungo, na njia hiyo ilipita mlangoni kwetu.

Ndiyo maana Mswahili hafiki kwenye miji hii kama mgeni mtupu. Tofauti ni jinsi kila mji unavyokukumbusha.

Siku ya kufika

Uwanja wa ndege wa Lisbon uko ndani ya mji, na treni ya chini ya ardhi inaanzia pale pale. Tulilipa chini ya euro 2 kila mmoja, na haikupita saa moja tulikuwa chumbani, Mama anauliza kibla kiko upande gani.

Venice inataka subira zaidi. Basi la uwanja wa ndege linakushusha Piazzale Roma, na hapo ndipo barabara ya magari inapoishia. Mbele yake hakuna gari, hakuna bodaboda, hata baiskeli hairuhusiwi. Unatembea au unapanda vaporetto, ile boti ya abiria inayofanya kazi ya daladala, na tiketi moja ya dakika 75 ilikuwa euro 9.50. Tulinung'unika kuilipa. Lakini boti ilipokata kona na mfereji mkuu ukafunguka mbele yetu, majumba yamesimama majini pande zote mbili, rangi ya waridi na ya udongo, maji yakipiga ngazi za milango, nilimgeukia Mama nikamkuta amejishika kifuani. Hakuna kitu Lisbon kinachokupokea namna ile.

Venice: Lamu ya maji

"Mwanangu, hii ni Lamu," Mama alisema asubuhi ya kwanza. Aliwahi kwenda Lamu kwenye Maulidi, na hakukosea. Vichochoro ni vyembamba hivi kwamba watu wawili wanapishana kwa kugeuza mabega. Mizigo inasukumwa kwa mikokoteni, na kwenye kila daraja msukumaji anaipandisha ngazi kwa ngazi huku akipiga kelele apishwe. Kazi ya punda wa Lamu hapa inafanywa na boti: boti za taka, boti za saruji, boti ya wagonjwa inayopiga king'ora, hata boti ya maiti inayoelekea kisiwa cha makaburi cha San Michele.

Mtu wa pwani ataielewa Venice haraka kuliko mtu wa bara, na hili nalisema kwa uhakika. Mji umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100 vilivyounganishwa na madaraja zaidi ya 400, na nyumba zake kubwa zimesimama juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa kwenye tope. Tope lile halina hewa, kwa hiyo mti hauozi upesi. Sisi tunaojua boriti za mikoko zinavyodumu hatuhitaji kuelezwa sana. Na kile wanachokiita acqua alta ni bamvua: maji makuu ya mwezi yakikutana na upepo wa kusini-mashariki, bahari inaingia mjini. Novemba 1966 yalipanda sentimita 194, na Novemba 2019 sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 wana milango 78 ya chuma kwenye malango ya wangwa wao, huinuliwa maji yanapotishia. Sisi hatukuona mafuriko yoyote. Tuliona tu alama ya chumvi kwenye kuta, usawa wa kiuno, kama unavyoiona kwenye nyumba za zamani za Forodhani.

Uwanja wa San Marco utaupata umejaa watu kuanzia saa nne asubuhi. Nenda saa kumi na mbili na nusu. Tulikwenda baada ya kusali alfajiri, na kwa karibu saa nzima uwanja ulikuwa wetu, wafagiaji na njiwa. Hapo ndipo unaweza kulitazama kanisa la Mtakatifu Marko polepole na kujiuliza vitu vyake vimetoka wapi. Mwili wa mtakatifu mwenyewe, kwa masimulizi yao, uliletwa mwaka 828 na wafanyabiashara waliouiba Alexandria na kuufunika kwa nyama ya nguruwe ili walinzi Waislamu wasiuguse, na kisa hicho wamekichora kwa mozaiki mbele ya kanisa bila kuficha. Farasi wanne wa shaba walitekwa Constantinople, ndiyo Istanbul ya leo, mwaka 1204. Walioko juu ya mlango leo ni nakala, wa asili wako ndani. Pembeni, kwenye kona, kuna sanamu ya wafalme wanne wa Kirumi wanaokumbatiana, ya jiwe la zambarau, nayo imetoka huko huko. Mmoja wao mguu wake ni wa jiwe jingine, kwa sababu wa asili ulibaki Constantinople. Ulifukuliwa katika karne ya 20 na sasa uko kwenye makumbusho ya Istanbul. Kama na wewe utapitia Istanbul na una saa nyingi za kusubiri, unaweza kuona mguu mji mmoja na mwili mji mwingine.

Waislamu wenzangu watafurahi kujua kwamba mji huu ulifanya biashara na sisi zaidi kuliko unavyosema. Neno fondaco, nyumba ya wafanyabiashara wageni, ni funduq ya Kiarabu. Arsenale, karakana yao kubwa ya meli, ni dar as-sina'a, na hiyo dar ndiyo dar ya jiji letu. Kwenye Canal Grande liko jengo la Fondaco dei Turchi ambalo kuanzia mwaka 1621 lilikuwa makazi ya wafanyabiashara wa dola ya Kituruki, likiwa na mahali pa kusalia na hamamu. Siku hizi ni makumbusho ya viumbe vya asili.

Kilichonigusa zaidi Venice, hata hivyo, ni ushanga. Wafua vioo walihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291 kwa kuogopa tanuri zao zisije zikauchoma mji, na ushanga wa Venice ukasafiri dunia nzima. Katika karne ya 19 ulifika Zanzibar kwa marobota, ukavushwa Bagamoyo, ukabebwa na wapagazi hadi Tabora na Ujiji kama fedha ya njiani. Ule mwekundu uliitwa samesame, na msafara usiokuwa na rangi inayotakiwa mahali fulani ulilala njaa mahali hapo. Pembe za ndovu zilikuja pwani, ushanga ukaenda bara. Katika makumbusho ya vioo ya Murano nilisimama mbele ya punje ndogo kuliko ya mtama nikamwaza mpagazi wa Kinyamwezi aliyezibeba begani miezi mitatu. Mjini, hadi karne iliyopita, wanawake maskini walikaa nje ya milango wakitunga ushanga huo kwa sindano ndefu, sinia la mbao mapajani, wanapiga soga. Mama alipoiona picha yao akasema, "Hawa ni sisi tukitunga asumini."

Na ukiwa Accademia, makumbusho ya michoro ya Venice, tafuta mchoro wa Vittore Carpaccio wa daraja la Rialto, wa miaka ya 1490, lilipokuwa bado la mbao. Mmoja wa wapiga kasia waliomo humo ni kijana mweusi, amevaa vizuri, kofia kichwani. Jina lake haliko popote.

Sasa kasoro. Wenyeji waliobaki kwenye mji wa kale hawafiki 50,000, na mwaka 1951 walikuwa wapatao 175,000. Hilo unalihisi. Usiku unapita mtaa mzima, madirisha giza, na duka la karibu linauza barakoa za plastiki. Tulikaa siku tatu bila kuzungumza na mwenyeji zaidi ya maneno ya kununua na kulipa. Magoti ya Mama yalichoka vibaya, kwa kuwa kila daraja ni ngazi za kupanda na ngazi za kushuka, na begi la magurudumu linakuwa begi la kubeba. Gondola ya nusu saa ni euro 90 mchana, bei iliyopangwa na mji. Hatukupanda. Tulivuka mfereji kwa traghetto, gondola kubwa ya kuvushia watu, kwa euro 2, na Mama akasema imetosha.

Lisbon: mji unaokuita jina

Lisbon haina wepesi wa Venice wa kupendwa siku ya kwanza. Ni mji wa vilima, kuta nyingine zimebabuka, na njia zake zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi vinavyoteleza mvua ikinyesha. Siku ya pili, ukiwa umekaa mahali unapata upepo wa mto Tejo, unaanza kuisikia.

Nasema kuisikia kwa maana yenyewe. Mama hajui Kireno hata neno, na alikuwa akisoma mabango kwa sauti: mesa, bandeira, lenço, copo, limão. Meza, bendera, leso, kopo, limau. Mwanamke wa hoteli alipoleta fronha mpya Mama alicheka mpaka akakaa kitandani, kwa sababu yeye huita foronya na hakujua imetoka wapi. Nao walichukua kwetu: kuku wa kuchoma kwa pilipili anauzwa kila mtaa kwa jina la piri-piri. Na igreja, kanisa, ndilo neno tuliloligeuza likawa gereza. Kilwa Kisiwani ile ngome ya ufukweni inaitwa Gereza hadi leo. Mama alicheza chini ya kuta zake utotoni.

Mtaa wa Alfama ndio uende kwanza. Jina ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji ya moto, kwani Waislamu waliutawala mji huu zaidi ya miaka 400 hadi mwaka 1147. Vichochoro vyake vinapanda na kushuka kama vya Mji Mkongwe, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, na mabibi wanakaa mlangoni. Hawa bado wapo, ingawa nyumba nyingi zinageuzwa kuwa za kupangisha wageni na wenyewe wanalalamika. Alfama ni ya zamani kwa sababu ilinusurika. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, mishumaa ikiwaka makanisani, ardhi ilitetemeka, bahari ikapanda, na moto ukaunguza mji kwa siku kadhaa. Sehemu ya bondeni, Baixa, ilijengwa upya na waziri Marquês de Pombal, mitaa ikanyooshwa kama rula na ndani ya kuta wakatia vizimba vya mbao vya kuhimili tetemeko. Ukitoka Alfama ukaingia Baixa unavuka kutoka mji mmoja kuingia mwingine kwa dakika kumi.

Halafu kuna watu. Mbele ya kanisa la São Domingos, karibu na uwanja wa Rossio, Waafrika wa Guinea-Bissau na kwingineko hukutana kila jioni, wengine wanauza, wengine wanabishana tu. Mzee mmoja aliyenisikia nikiongea na Mama alituamkia. Alikuwa mtu wa Pemba, Pemba ya Msumbiji, anazungumza Kimwani. Tulielewana zaidi ya nusu. Alimwita Mama dada, akatuonyesha mtaa wa Benformoso nyuma ya Martim Moniz, uliojaa migahawa halali ya Wabangladeshi, na akatueleza njia ya msikiti mkuu karibu na Praça de Espanha. Ijumaa tulisali humo. Venice hakuna aliyetuamkia, na kwa mtu mzima aliye mbali na kwao salamu si jambo dogo.

Sasa Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto. Utafika kwa tramu, na utaona kanisa na monasteri ya Jerónimos, kazi ya mawe iliyochongwa kama lesi, kamba na makombe ya bahari yamepindwa kwenye nguzo. Ni jengo zuri kuliko yote ya Lisbon. Lilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Ukiingia tu, kaburi la Vasco da Gama liko pale, amelala na mikono imefumbatwa kwa sala. Sikujua nifanye nini mbele yake. Nje, kando ya mto, umesimama mnara wa mwaka 1960 wa kuwasifu mabaharia wao, mita 56, na chini yake ramani ya dunia ya mawe ambayo watoto wanakimbizana juu yake. Kuhusu waliotembelewa na mabaharia hao, mnara hauna neno. Ikiwa moyo wako ni mwepesi kuumia, ujue kabla hujaenda. Na ukipita mtaa wa Poço dos Negros, Shimo la Weusi, ujue jina hilo linatokana na shimo lililoamriwa lichimbwe mwaka 1515 na mfalme Manuel kwa ajili ya maiti za watumwa.

Kitu nilichokuahidi kiko kwenye makumbusho ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi. Ina urefu wa sentimita sabini na kitu, dhahabu na rangi za enameli, mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka kioo, na kila uso ni wa mtu tofauti. Inahusishwa na sonara Gil Vicente. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na meli za mizinga, akasimama mbele ya Kilwa, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu la sivyo mji uchomwe. Dhahabu ile, iliyokuwa imetoka bara kupitia Sofala, ndiyo iliyotengeneza chombo hiki. Wala si dhana ya wanahistoria, kwani imeandikwa kwenye kitako chake, ikizunguka, kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu na kodi za Qilva, kikamalizika mwaka 1506. Mwaka uliotangulia meli zao zilikuwa zimerudi na kuipora Kilwa hata hivyo.

Tulizunguka kile kioo mara tatu tukifuata herufi mpaka nikalipata neno. Nikamwonyesha Mama kwa kidole: Q, I, L, V, A.

"Ndiyo Kilwa?"

"Ndiyo, Mama. Kilwa yenu."

Alinyamaza. Kisha akasema bibi yake alikuwa akiwasimulia kwamba watu wa Kisiwani walikula kwenye sahani za Kichina, na wao watoto wakadhani ni hadithi za kuwalaza, ingawa vipande vya sahani hizo walikuwa wakiviokota mchangani. Akataka nimpigie picha, si ya chombo kizima, ya lile neno tu. Mlinzi alimletea kiti. Tulikaa hapo hadi saa ya kufunga.

Ndiyo sababu nasema Lisbon. Huko Venice nilistaajabu sana, lakini nilivyovistaajabia ni vya watu wengine.

Tumbo na mfuko

Miji yote miwili inakula ng'onda. Naam, samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Lisbon wanamwita bacalhau na wanampika kila namna, nasi tulimpenda na viazi na mayai. Venice wa kwao hatiwi chumvi, hukaushwa kwa upepo tu, nao wanamponda na mafuta ya zeituni mpaka awe kama krimu, wanampaka juu ya kipande cha mkate na kukuuzia ukiwa umesimama kwenye vilabu vidogo vya mvinyo viitwavyo bacari. Sadini pia ziko kote: Lisbon za kuchoma, Venice zimelazwa kwenye kitunguu na siki, karibu na achari, na hizo za Venice ni tamu zaidi. Bei ya mlo wa Lisbon ilikuwa nafuu wazi. Kahawa Venice kunywa ukiwa umesimama kaunta, maana ukikaa bei inapanda, na kwenye uwanja wa San Marco unalipia hadi muziki. Anayeshika halali atapata shida Venice penyewe. Migahawa halali mingi iko Mestre, ng'ambo ya daraja. Lisbon, ukinunua pastéis de nata, vile vikeki vya maziwa na kiini cha yai, uliza kama unga wake umekandwa kwa siagi au mafuta ya nguruwe.

Viza ni moja, ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ukienda nchi zote mbili, unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Lisbon inatoza kodi ya wageni euro 4 kwa usiku. Venice inatoza wageni wa kutwa, wasiolala, euro 5 katika siku maalumu za msimu, au 10 ukichelewa kujiandikisha. Wanaolala mjini hawalipi hiyo, ila hujisajili.

Nani aende Venice kwanza

Maharusi. Fundi ujenzi, msanifu, mchoraji, nahodha, mtu yeyote ambaye kazi yake ni mbao, mawe au maji, kwa sababu huko atajifunza kwa kutembea tu. Mtu aliyechoka na asiyetaka historia imguse safari hii. Hawa waende, lakini walale ndani ya mji angalau usiku mbili, maana Venice ya saa sita mchana na Venice ya alfajiri ni vitu viwili tofauti. Anayeweza kwenda kwa siku moja tu, kwa treni ya asubuhi na kurudi jioni, ni afadhali asiende. Wazee wenye magoti mabovu pia nawashauri Lisbon, ambako vilima vina tramu na lifti. Tramu 28 inayosifiwa imejaa watalii na wezi wa mifukoni, namba 12 inapanda kilima kilekile na unapata kiti.

Kila mmoja kati ya miji hii unahitaji siku nne za kweli. Kuigawa wiki moja kati ya miji miwili ni kupoteza siku nzima kwenye viwanja vya ndege, na sisi tuliipoteza.

Na ukienda Lisbon, hakikisha kwanza kwamba yale makumbusho ya Janelas Verdes yamefunguliwa, halafu yapange mapema katika safari yako. Sisi tulikwenda Jumapili, na ndege yetu ilikuwa Jumanne. Jumatatu asubuhi Mama aliamka, akavaa, akasema twende tukaione tena kabla ya kuondoka. Jumatatu makumbusho hufungwa.